Chukulia Hakuna Joto Lililopotea

Kuna sentensi moja kwenye madaftari ya sekondari ambayo, ningepewa ukuu wa mkoa wa Katavi hata kwa wiki moja, ningeipiga marufuku kuanzia Inyonga hadi Karema. Huwekwa mwishoni mwa swali, gramu na nyuzijoto zote zikishatajwa, na mwanafunzi huipita mbio kwa sababu haina tarakimu: "Chukulia kwamba hakuna joto lililopotea." Aliyeitunga hajawahi kununua mkaa Mpanda.

Nimeijua kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayekaa kwetu Makanyagio apate kuwa karibu na shule. Ana tabia ya kusoma kwa sauti. Mimi nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Hesabu na mimi tuliachana kidato cha nne kwa makubaliano ya pande zote mbili, kwa hiyo gramu zake zilikuwa zinapita juu ya kichwa changu bila kunidhuru. Mpaka mama mkwe alipokuja.

Mama mkwe katoka Sumbawanga. Asiyefika kule ajue kwamba mji ule uko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni ikifika watu wanalala na masweta. Kuoga maji ya moto Sumbawanga si anasa, ni kujihami. Tatizo ni kwamba mama alishuka kwetu Oktoba, mvua bado, kivulini ni nyuzi 32 na mbwa wanahema tangu saa nne asubuhi, na yeye ratiba hakuibadilisha. Ndoo ya moto asubuhi, ndoo ya moto jioni. Sado nzima ya mkaa ikawa inaondoka kila siku kabla hata ya kufikiria ugali.

Sasa wewe niambie. Mkwe haambiwi. Huwezi kumweleza mama aliyekuzalia mke kwamba maji anayooga yana moto kupita kiasi. Huko ni kukiri kwamba umekaa ukayafikiria. Kumwambia mke wangu nako ni kumwambia mama yake kwa barua ya rejista. Nikabaki na mtu mmoja tu wa kumnunia, muuza mkaa, naye akadhani natafuta sababu ya kulikwepa deni lake.

Jioni moja, nikiwa kwenye hali hiyo, nikamsikia binti anasoma kuhusu kipande cha chuma kilichopashwa moto kisha kikatumbukizwa kwenye maji. Nikamwita.

"Achana na chuma cha watu. Nipigie hesabu ya ndoo ya bibi yako."

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka sayansi iseme yale ambayo mila inanikataza.

Swali lenyewe, ukilivua Kiingereza chake, ni la nauli ya mzigo: una kilo ngapi, kila kilo inatozwa kiasi gani, na unaupeleka umbali gani. Kilo ni za maji. Umbali ni nyuzi unazotaka yapande. Tozo ndiyo joto mahususi, yaani joto linalodaiwa na kilo moja ya kitu ili ipande nyuzi moja. Unazidisha vyote vitatu, basi. Kinachouma ni tozo ya maji. Chuma kinadai jouli 450 hivi, shaba kama 385, aluminiamu ya sufuria 900. Maji yanadai 4,200. Jikoni hakuna kitu chenye tamaa ya joto kuyazidi, na mimi niliposikia hivyo moyo ukanitulia, nikajua kesi nimeshinda.

"Ndoo ni lita ngapi, mjomba?"

"Ishirini."

"Yaani kilo ishirini. Kabla ya kupashwa tuseme yako nyuzi 24. Na bibi anayaoga kwenye 42?"

"Usiniingize huko."

Akazidisha: 20 kwa 4,200 kwa 18. Jouli 1,512,000.

Milioni moja na nusu! Kwa ndoo moja! Nikasimama kabisa. Nikaanza kuwaza namna ya kuiacha ile karatasi mezani, kwa bahati mbaya tu, mahali ambapo mtu wa Sumbawanga akipita ataiona.

"Subiri, mjomba. Kilo moja ya mkaa ikiungua inatoa kama jouli milioni thelathini." Akagawanya. "Ni gramu hamsini. Vipande viwili, tena vidogo."

Nikakaa.

"Bibi na ndoo zake mbili anahitaji gramu mia moja kwa siku," akaendelea, kwa ile sauti ya mtoto asiyejua anabomoa nyumba ya nani. "Kwenye sado kuna kama kilo nzima. Gramu mia tisa zilizobaki anazioga nani?"

Wote wawili tukageuka kulitazama jiko. Ni jiko la bati, nililinunua kwa bei nzuri sana, mguu mmoja umepinda na mlango wake ulishaondoka zamani. Sufuria linakaa juu bila mfuniko kwa sababu mfuniko unatumika kufunikia mtungi. Binti akasema majiko ya namna hii, wataalamu wakiyapima, yanaingiza kwenye sufuria asilimia kumi na tano hivi ya joto la mkaa. Yaani katika kila vipande saba ninavyonunua, kimoja kinafika kwenye maji. Vipande sita nawanunulia kuku wa jirani, maana ndio wanaokuja kuota pale.

Hapo ndipo nilipoanza uadui na ile sentensi. Chukulia kwamba hakuna joto lililopotea! Ukishachukulia hivyo umebaki na gramu hamsini, yaani umebaki na kile ambacho hakinisumbui hata kidogo. Maisha yangu yote ya mkaa yako kwenye zile gramu walizoniambia nisizihesabu. Hata shuleni kwao ni hivyo hivyo: kwenye kemia wanachoma spiriti chini ya kopo la maji, wanapima gramu zilizoungua na nyuzi zilizopanda, wanazidisha. Kitabu kinasema gramu moja ya spiriti inatoa karibu jouli 30,000, wao wanapata kama nusu yake, na nusu nyingine wanaandika kwa kalamu nzuri kwamba "imepotea kwenye mazingira". Mazingira hayo kwangu yana risiti.

Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania iwe imefikiwa ifikapo 2034. Mimi na jiko langu tulikuwa tumeshajiandikisha kwenye ile asilimia 20. Mke wangu akatutoa. Alisikia hesabu yote kutoka dirishani, na kesho yake likaingia jiko banifu, lile lenye udongo wa kuchomwa ndani, kwa pesa yangu. Risiti akaiweka mezani, mahali ambapo mtu wa Mpanda akipita ataiona.

Nikajaribu rufaa. Nikamuuliza binti: kwa nini kupasha ndoo nzima? Si achemshe kidogo, achanganye na ya baridi, tuokoe? Akaniambia anachofanya bibi ni hicho hicho. Anachemsha lita tano kwenye sufuria, anamimina kwenye ndoo, anaongeza za baridi kumi na tano, anachovya kiwiko, anaingia bafuni. Binti akaliandika kama swali: yale ya moto yatoe, yale ya baridi yapokee, kilichotoka kiwe sawa na kilichoingia. Lita tano zikishuka kutoka nyuzi 96 hadi 42, lita kumi na tano zikipanda kutoka 24 hadi 42. Zidisha upande huu, zidisha upande ule, pande zote mbili zinatoka jouli 1,134,000 kamili. Na ukipiga joto la kuchemshia zile lita tano tangu zilipokuwa 24, unarudi kwenye 1,512,000 ile ile. Hakuna kilichookolewa hata senti. Binti alifurahi mpaka akapiga makofi. Mimi sikuona cha kupigia makofi. Nilichoona ni kwamba mama mkwe amekuwa akilifumbua swali hili kwa kiwiko tangu kabla wizara haijaliweka kwenye mtaala, na hajawahi kupewa hata cheti.

Utauliza hiyo 96 imetoka wapi, wakati tangu darasa la nne tunaimbishwa kwamba maji huchemka nyuzi 100. Hapa napo tumedhulumiwa. Mia ni ya usawa wa bahari, ya watu wa Tanga na Mtwara. Mpanda iko mita 1,100 hivi juu, hewa inayoyakandamiza maji imepungua, na maji yanaanza kuchemka yakiwa kama 96. Sumbawanga ndiyo kabisa, 94. Mama mkwe, ambaye hajui habari za hewa kukandamiza kitu, siku ya pili tu alinung'unika kwamba maji ya kwetu yanachelewa kuchemka. Siku ya tatu akasifu kwamba maharage ya kwetu yanaiva upesi. Nilidhani anajipinga mwenyewe. Kumbe hajipingi: maji yetu yanapanda nyuzi mbili zaidi kabla ya kuanza kutokota, na maharage yanaivia kwenye maji yenye moto zaidi. Na kama unaongeza mkaa maharage yakishatokota ili yaive haraka, unajisumbua. Pale nyuzi hazipandi tena. Joto lote linakwenda kugeuza maji kuwa mvuke, jouli milioni mbili na robo kwa kila kilo, linatokea dirishani. Nimewaambia jikoni. Wameniuliza tangu lini napika.

Binti naye, kwa kuwa anakaa Mpanda, kwenye zoezi la shule akaandika 96. Akawekewa mkasi mwekundu. Swali lilisema "maji yanayochemka", jibu la kitabu lilitumia 100, na yeye akapata sifuri ya heshima. Alirudi amevimba mashavu.

Nikamfariji kwa kitu pekee cha sayansi ambacho mtu wa HKL anakijua, habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Magamba ya Lushoto, si hii kata ya jina hilo huku kwetu Katavi. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unayaacha yapoe, unaingiza kwenye friji. Nafasi ikawa inakwisha, Mpemba akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, aliyeyaingiza ya baridi bila kuyachemsha. Akauliza mwalimu, akaambiwa amechanganya mambo. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na darasa likapata utani wa kudumu. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, na kijana akamuuliza swali lile lile mbele ya watu. Wenzake wakaangua kicheko. Osborne akarudi Dar akajaribisha, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wataalamu duniani wanagombana juu ya jambo hilo, wengine wanasema lipo, wengine wanasema halipo, lakini wote wanalitaja kwa jina la kijana wa aiskrimu. Yeye mwenyewe hata hakubaki kwenye fizikia, akaenda zake kwenye mambo ya wanyamapori.

Binti akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo nimsubiri Osborne wangu?"

Hakumsubiri. Alirudi kwa mwalimu akaomba kipimajoto, na lazima nimsifu mwalimu yule: alimpa kile cha maabara, cha kioo, kimevishwa soksi kisivunjike, akamwambia akachemshe nyumbani alete majibu. Tukachemsha. Kikasoma 96, kikakataa kusogea. Alama zikarudishwa, ila kipimajoto hakikurudishwa upesi, na nyumba yangu haikupata amani tena.

Kilianza darini. Nilikuwa nikililaumu bati kwa joto la mchana, ndilo linalounguza, ndilo linalolia ta, ta, ta jua likizama. Binti akalitetea. Bati ni jembamba, kilo zake chache, tozo yake ndogo. Jua likitoka linapanda mara moja, jua likiingia linashuka mara moja, na ule mlio ni linavyojikunja. Adui wa usiku ni ukuta. Chumba changu ni cha matofali ya kuchoma, kama tani kumi za udongo ukijumlisha pande zote, na tofali linadai jouli 840 kwa kilo. Ukuta ukipanda nyuzi nane tu mchana kutwa, umeweka akiba jouli milioni 67, sawa na zaidi ya kilo mbili za mkaa, na unaanza kuzitoa saa tatu usiku, taratibu, kuelekea kitandani kwangu. Huo ndio mkaa pekee ninaopewa bure Mpanda, na ndio nisioutaka.

Mwenye akili mkoa huu ni kiboko. Nenda Sitalike, simama kwenye daraja la mto Katuma mlangoni mwa hifadhi, uwatazame. Kutwa nzima wamezama kwenye kile kile kitu chenye tamaa ya joto. Jua linamimina, maji yanameza, nyuzi hazisogei kwa haraka. Yaani ile tabia ya maji inayonifilisi mimi jikoni ndiyo inayomponya yeye. Lakini kiangazi kikikolea, Septemba, Oktoba, Katuma unakauka unabaki madimbwi, na viboko kwa mamia wanabanana kwenye tope. Jua halijapunguza kitu. Kilo za maji ndizo zilizopungua, kwa hiyo nyuzi zinapanda, na hasira zinapanda pamoja nazo, wanang'atana mpaka damu. Nilitaka kumwonyesha mama mkwe hilo kama hoja kuhusu watu wengi kugombea maji machache. Nikafikiria zaidi, nikaacha.

Habari za kipimajoto zikafika kwa jirani yangu, mwenye wale kuku. Huyu bwana huenda na kurudi machimboni, na safari hii alirudi na kitu kwenye kitambaa: kipande cha njano, gramu ishirini, amekinunua kwa mtu aliyekuwa na haraka. Soko la madini Mpanda lipo, na wapimaji wapo, lakini alisema kule watu wana macho makali. Alitaka kwanza maoni ya kifamilia.

Binti akang'aa. Swali la mtihani limekuja lenyewe kwa miguu. Dhahabu, alitueleza, ni kitu kisichobeba joto: jouli 129 tu kwa kilo. Ile shaba ya njano ya kwenye makufuli na koki za mabomba inabeba 380, karibu mara tatu. Kwa hiyo tunakichemsha kipande mpaka kifike 96, tunakitumbukiza kwenye gramu hamsini za maji ya nyuzi 25, tunatazama. Ikiwa dhahabu, maji hayapandi hata nyuzi moja. Ikiwa kufuli, yanapanda mbili na nusu.

"Kwa hiyo tunaomba yasipande," jirani alisema.

"Tunaomba yasipande, baba."

Nimeona watu wakisubiri matokeo ya NECTA, lakini sijaona mtu akilisihi kopo la maji litulie. Binti akakivua kipande kwenye sufuria kwa uzi, akakikung'uta, akakitumbukiza kwenye kopo, akakoroga. Zebaki ikaanza kupanda. Ishirini na tano na nusu. Ishirini na sita. Jirani akaanza kupumua kwa mdomo. Ikasimama 27.

"Nyuzi mbili," binti akasema kwa upole wa daktari.

Jirani akatafakari. Kisha uso ukamchanua. "Wewe si umesema kufuli ni mbili na nusu? Hii ni mbili. Si kufuli!"

"Nusu imepotea njiani, baba. Kipande kimepoa kidogo kabla ya kufika kwenye kopo."

"Ahaa! Joto limepotea! Basi kipimo hakifai, kuna joto limepotea!"

"Limepotea, ndiyo. Lisingepotea yangepanda zaidi. Ungekuwa mbali zaidi na dhahabu."

Nilitamani kumkumbatia yule bwana. Kwa mara ya kwanza Mpanda nilimwona mtu ambaye kupotea kwa joto kulikuwa kumemwekea akiba. Mama mkwe, aliyekuwa akingoja sufuria lake, akauliza kama tumemaliza kuchemsha kufuli kwenye maji yake.

Jirani akakifunga kipande kwenye kitambaa, taratibu, kona kwa kona. Nikamuuliza sasa atafanyaje. Akasema si neno, atatafuta mnunuzi aliyesoma HKL.

Kisha akaniangalia.

Nikamwambia pesa yangu yote iko kwenye jiko.